Jimmie Rodgers: Mfunga breki wa Mississippi aliyegeuka Chemirocha wa Kericho

MNAMO mwaka wa 1950, miaka 17 baada ya Jimmie Rodgers kuzikwa katika jimbo la Mississippi nchini Marekani, wasichana wa jamii ya Kipsigis walisimama mbele ya kinasa sauti huko Kapkatet, kando ya barabara itokayo Litein kuelekea Sotik, wakaimba jina lake.

Hawakumwita Jimmie Rodgers. Walimwita Chemirocha. Wala hawakumwimba kama mzungu aliyewahi kuwa mfanyakazi wa reli, akaugua kifua kikuu na kuaga dunia akiwa na umri wa miaka 35. Katika wimbo wao, Chemirocha alikuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu swala, ambaye wasichana hao walimwalika aje acheze nao.

Mwenye jina hilo hakuwahi kuikanyaga ardhi ya Afrika. Hakuwahi hata kufanya ziara ya muziki nje ya Marekani, na hakuna ithibati kwamba alilijua jina la Kericho. Hata hivyo, kati ya waimbaji wote wa kigeni ambao santuri zao zilifika katika nchi ya majani chai, ni yeye aliyepewa nafasi miongoni mwa viumbe wa masimulizi ya wenyeji. Jinsi alivyoifikia nafasi hiyo ni kisa kinachoanzia katika umaskini, kikapitia njia ya reli na kuishia katika chumba cha hoteli jijini New York.

Mtoto wa njia ya reli

James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba, 1897. Mji wa Meridian, ambako alilelewa, ulikuwa makutano makubwa ya reli kusini mwa Marekani. Baba yake, Aaron Rodgers, alikuwa nyapara wa vibarua waliotengeneza njia ya reli. Mama yake, Eliza, alifariki Jimmie akiwa bado mtoto mdogo, na kuanzia hapo kijana huyo akawa wa kulelewa huku na kule na jamaa zake, au kuandamana na baba yake popote kazi ilipompeleka.

Shule haikumvutia. Kilichomvutia ni jukwaa. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi, alishinda shindano la uimbaji mjini kwao, akatoroka nyumbani na kujiunga na kikundi cha wasanii waliokuwa wakizunguka na hema. Baba yake alimfuata, akamrejesha. Kama adhabu, na pengine kama riziki pia, mzee huyo alimtia katika kazi ya reli: kuwachotea maji vibarua waliokuwa wakipigilia mataruma.

Vibarua hao wengi walikuwa watu Weusi, wana na wajukuu wa waliokuwa watumwa. Walifanya kazi kwa kuimba. Kiongozi wao alianzisha mstari, wengine wakaitikia huku nyundo zikishuka kwa pamoja, na kwa njia hiyo wimbo ukawa sehemu ya kazi, jinsi ambavyo wavuvi wa Pwani na wakulima wa Bara walivyozoea kuimba ili mikono iende kwa mwendo mmoja. Mtoto aliyebeba ndoo ya maji aliyasikiliza hayo yote. Kutoka kwao, pamoja na wazururaji waliodandia mabehewa ya mizigo, alijifunza gita na banjo, na akaijua bluzi, ule uimbaji wa huzuni wa Wamarekani Weusi, kabla hajafikiria kwamba siku moja ungempa mkate.

Majina ya walimu wake hao hayakuandikwa popote. Hilo ni deni linaloonekana katika maisha yake yote.

Baadaye Rodgers alipanda cheo, akawa mfunga breki katika reli iliyounganisha Meridian na New Orleans, nafasi aliyoipata kwa msaada wa kaka yake Walter. Ilikuwa kazi ya hatari. Mfunga breki aliunganisha na kutenganisha mabehewa, akatembea juu ya mapaa yake garimoshi likiwa mwendoni, mvua ikinyesha au jua likiwaka, na kukaza breki za mkono palipohitajika. Tena haikuwa kazi ya kudumu. Mizigo ilipopungua, watu wa ngazi yake ndio walioachishwa kwanza.

Ndoa, msiba na maradhi

Baada ya ndoa ya kwanza kuvunjika, Rodgers alimwoa Carrie Williamson, binti wa mhubiri, mnamo mwaka wa 1920. Walijaliwa mabinti wawili, Anita na June. Familia hiyo iliishi kwa kuhamahama, ikitegemea kazi yoyote iliyopatikana.

June alifariki mwaka wa 1923, kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Baba yake alikuwa mbali akitafuta kazi, na inasimuliwa kwamba ilimbidi kuiweka banjo yake rehani ili apate nauli ya kurudi nyumbani.

Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 27, alianza kutema damu. Madaktari walibaini kwamba alikuwa na kifua kikuu. Siku hizo ugonjwa huo haukuwa na tiba. Dawa ya streptomaisini, ambayo ilikuja kuwa silaha ya kwanza ya kweli dhidi ya kifua kikuu, iligunduliwa mwaka wa 1943, miaka kumi baada ya kifo chake. Mgonjwa wa mwaka wa 1924 alichoweza kushauriwa ni kupumzika, kula vizuri na kutafuta hewa kavu. Kwa mtu aliyelipwa kwa kutwa, hayo yalikuwa mashauri ya kitajiri.

Kazi ya reli ikawa haiwezekani tena kwa mapafu yaliyooza. Rodgers alirejea kwenye muziki. Alizunguka na maonyesho ya wauza dawa za mitishamba, ambako, kwa desturi ya dhihaka iliyokuwapo wakati huo, wasanii wazungu walijipaka masizi usoni na kuwaigiza watu Weusi. Naye alifanya hivyo. Ni doa ambalo wasifu wake hauwezi kulificha: kijana aliyefundishwa kuimba na vibarua Weusi alijipatia riziki kwa kuwakejeli.

Siku moja mjini Bristol

Mwanzoni mwa mwaka wa 1927 Rodgers alihamia Asheville, katika jimbo la North Carolina, ambako hewa ya milimani ilisifiwa kuwafaa wagonjwa wa kifua. Huko alipata nafasi ya kuimba redioni pamoja na kikundi cha vijana wa Bristol, mji ulio mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia.

Majira ya kiangazi ya mwaka huo, Ralph Peer, mwakilishi wa kampuni ya santuri ya Victor, alifika Bristol na mitambo yake kusaka waimbaji wa mashambani. Rodgers na wenzake walikwenda kujaribu bahati. Usiku wa kuamkia kurekodi wakagombana, na wenzake wakaamua kurekodi bila yeye. Hivyo basi, tarehe 4 Agosti, 1927, Rodgers alisimama peke yake na gita lake, akaimba nyimbo mbili na kulipwa dola 100. Siku chache kabla yake, familia ya Carter ilikuwa imerekodi katika jengo hilo hilo. Wanahistoria wengi wa muziki wa kantri huzihesabu siku hizo za Bristol kuwa ndipo muziki huo ulipozaliwa kama biashara.

Nyimbo hizo mbili hazikuvuma sana. Lakini Rodgers hakuwa mtu wa kungoja kuitwa. Alifunga safari hadi New York kwa hiari yake, akachukua chumba hotelini, kisha akampigia Peer simu kumwarifu kwamba yuko tayari kurekodi tena. Tarehe 30 Novemba, 1927, huko Camden, New Jersey, aliimba wimbo ambao kampuni iliuita Blue Yodel. Santuri yake ilinunuliwa kwa malaki.

Wimbo wenyewe ulikuwa bluzi, ule aliouchota kwa vibarua wa reli. Upya wake ulikuwa katika vituo. Kila alipomaliza beti, Rodgers aliirusha sauti yake ghafula kutoka kifuani hadi juu kabisa kooni, ikapanda na kuvunjika, ikashuka na kupanda tena, bila neno lolote. Uimbaji huo, uitwao yodeli, ulikuwa umezoeleka katika milima ya Uswisi na Austria, na Wamarekani walikuwa wakiusikia katika majukwaa ya vichekesho. Rodgers aliutia huzuni. Ulikuwa kama king'ora cha garimoshi kikisikika kwa mbali usiku.

Sauti isiyokuwa na maneno haihitaji mkalimani. Hilo linafaa kukumbukwa, kwani ndilo lililomfikisha mbali kuliko alivyodhania.

Utajiri wa miaka michache

Kuanzia mwaka wa 1928 Rodgers alikuwa miongoni mwa waimbaji waliouza santuri nyingi zaidi nchini Marekani. Mwaka wa 1929 aliigiza katika filamu fupi iliyomwonyesha akiwa amevalia sare ya mfunga breki. Mwaka huo huo alijenga jumba la kifahari huko Kerrville, Texas, mji uliojulikana kwa vituo vyake vya wagonjwa wa kifua kikuu. Nyuma ya gita lake aliandikisha neno la kushukuru, na kila alipomaliza kuimba aliligeuza ili hadhira ilisome.

Fedha zilimpita mikononi kama maji. Alinunua magari na magita, akawasaidia jamaa na marafiki, akalipa bili za madaktari. Hakukumbuka kuweka akiba, pengine kwa kuwa alijua siku zake zilikuwa zimehesabiwa.

Mnamo Julai 1930, mjini Los Angeles, alirekodi wimbo wa tisa katika mfululizo wake wa Blue Yodel. Aliyempigia tarumbeta ni Louis Armstrong, mfalme wa jazi, na kwenye piano alikuwa mkewe Armstrong, Lil Hardin. Ilikuwa nadra sana wakati huo kwa mwimbaji mzungu wa kusini kurekodi na wanamuziki Weusi. Hata hivyo, santuri ilipotoka, majina ya Armstrong na Hardin hayakuwa kwenye lebo. Walimu wa utotoni mwa Rodgers hawakutajwa kwa sababu hakuna aliyewajua. Hawa wawili, ambao dunia ilianza kuwajua, nao hawakutajwa.

Mdororo mkuu wa uchumi uliokuwa umeanza mwaka wa 1929 uliangusha biashara ya santuri. Wakulima walikosa hata senti za mkate, sembuse za muziki. Mapema mwaka wa 1931 Rodgers alizunguka kusini mwa nchi pamoja na mchekeshaji Will Rogers, ambaye hawakuwa na udugu, kuchangisha fedha za kuwasaidia waathiriwa wa ukame na njaa. Mwaka huo huo aliimba waziwazi kuhusu kifua kikuu, maradhi ambayo familia nyingi ziliyaficha kama aibu. Mwaka wa 1932 jumba la Kerrville lilikuwa limeshamtoka, naye akahamia nyumba ya kawaida huko San Antonio.

Kitanda studioni

Mwezi Mei mwaka wa 1933, Rodgers alisafiri hadi New York kwa mara ya mwisho akiandamana na muuguzi. Alijua kwamba hatapona. Shabaha yake ilikuwa kurekodi nyimbo za kutosha ili Carrie na Anita wasiachwe mikono mitupu.

Kampuni iliweka kitanda karibu na studio. Rodgers aliimba, akalala kupumzika, akaamka na kuimba tena. Katika siku kadhaa za kazi hiyo, kuanzia tarehe 17 hadi 24 Mei, alikamilisha nyimbo 12. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, 1933, mapafu yake yalivuja damu, akafariki katika hoteli ya Taft.

Mwili wake ulirudishwa nyumbani kwa garimoshi. Alizikwa katika makaburi ya Oak Grove, Meridian, kando ya June, binti aliyemkosa. Katika muda wa miaka sita alikuwa ameacha nyimbo zaidi ya 100.

Sanduku liimbalo

Wakati Rodgers alipokuwa akianza kuvuma Marekani, nchi ya Wakipsigis ilikuwa ikibadilishwa sura. Reli ilikuwa tayari imepita kaskazini mwa Kericho, ikifika ziwani Kisumu mnamo 1901. Katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianzisha mashamba makubwa ya chai katika vilima vya Kericho, na ardhi iliyokuwa ya malisho na makao ikawa mistari ya kijani ya mali ya wageni. Pamoja na walowezi, wamishenari na wafanyabiashara zikaja gramafoni.

Mashine hizo hazikuhitaji umeme. Mtu alizungusha mkono wa chuma kukaza springi, akaiweka santuri, na sindano ikateremka. Ilikuwa chombo kilichoweza kubebwa hadi mahali popote palipofika punda au mkokoteni. Miongoni mwa santuri zilizofika Kericho zilikuwamo za Jimmie Rodgers.

Kwa wasikilizaji ambao hawakujua Kiingereza, maneno yake hayakuwa na maana. Gita lake, hata hivyo, halikuwa geni kabisa. Wakipsigis walikuwa na chepkong'o, ala ya nyuzi iliyo ya ukoo mmoja na nyatiti ya Waluo, ambayo hupigwa kwa vidole mwimbaji akijisindikiza mwenyewe. Jina la mzungu huyo nalo lilipata umbo la kienyeji. Lugha ya Kipsigis haitofautishi sauti za j na ch, hivyo Jimmie akawa Chemi, na Rodgers akawa Rocha. Likasikika kama jina la nyumbani, mithili ya Chebet au Chemutai.

Kisha kulikuwa na ile sauti yake, iliyoruka ghafula na kutua, iliyofanana na ya binadamu na wakati huo huo isifanane. Mwenyewe hakuonekana. Si ajabu kwamba wasichana wa Kapkatet walimwimba kama kiumbe mwenye nusu ya mnyama arukaye.

Sauti yarudi nyumbani

Aliyezirekodi nyimbo hizo ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1903 na aliyetumia maisha yake kukusanya muziki wa Afrika. Katika safari yake ya mwaka wa 1950 alinasa huko Kapkatet nyimbo tatu zilizobeba jina la Chemirocha, mbili za wanaume na moja ya wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya. Ya wasichana ndiyo iliyopendwa zaidi. Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha nchini Afrika Kusini maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, na humo Chemirocha akahifadhiwa.

Kwa miongo mingi wimbo huo ulisikilizwa na wataalamu na wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani, huku Kapkatet kwenyewe haupo. Wasichana walikua, wakaolewa, wakazeeka. Ni katikati ya miaka ya 2010, baada ya zaidi ya miaka 60, ambapo maktaba hiyo, kwa ushirikiano na mradi wa Singing Wells na kampuni ya Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha rekodi hizo kwa jamii iliyoziimba. Miongoni mwa waliorekodiwa na Tracey, wazee wachache walikuwa bado hai, nao wakasikia sauti za ujana wao.

Nchini Marekani, Rodgers alikuwa ameshapewa heshima zake. Mwaka wa 1961 alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza kuingizwa katika ukumbi wa mashujaa wa muziki wa kantri, pamoja na Hank Williams na Fred Rose. Mwaka wa 1978 picha yake ilichapishwa kwenye stempu ya posta. Mwaka wa 1986 aliingizwa pia katika ukumbi wa mashujaa wa roki kama mmoja wa waliotangulia. Watu humwita baba wa muziki wa kantri, muziki ambao Wakenya wameupenda kwa vizazi, kuanzia enzi za santuri za Jim Reeves hadi maonyesho ya Sir Elvis Otieno.

Heshima ya Kapkatet ni ya namna nyingine. Haina sanamu wala cheti. Wimbo ulioanzia kwa vibarua Weusi wa Mississippi, watu waliotoka kwa wazazi wa Kiafrika, ulivuka bahari ndani ya koo la mzungu mgonjwa na kuingia Afrika kupitia sanduku la springi. Wasichana wa Kipsigis waliupokea, wakambadilisha aliyeuleta, wakampa jina na kwato. Na kinyume na vibarua wale wa Meridian, na kinyume na Armstrong mwenyewe kwenye ile santuri ya mwaka wa 1930, jina la Chemutoi Ketienya liliandikwa.